Jenomu, Muhogo na Maneno ya Mkulima: Uteuzi wa Kijenomu katika Uboreshaji wa Mbegu Kanda ya Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi zana za kijenomu zinavyotumiwa kuharakisha uboreshaji wa muhogo, zao kuu la chakula katika sehemu kubwa ya mwambao wa Ziwa Victoria, na yanachunguza mipaka ya zana hizo. Baada ya kufafanua dhana ya uteuzi wa kijenomu na kupitia historia ya utafiti wa muhogo kutoka Amani hadi Ukiriguru, makala yanajenga hoja kwamba mlinganyo wa kijenomu hauwezi kutabiri sifa ambayo haijapimwa shambani, na kwamba sifa isiyotajwa haipimwi. Kwa hiyo maneno ambayo wakulima na wasindikaji wa muhogo wa Mwanza, Ukerewe na Mara huyatumia kueleza zao lao ni sehemu ya utafiti wenyewe. Suala la istilahi linaonyeshwa kuwa na uzito wa afya na wa chakula, wala si suala la lugha peke yake.

1.0 Utangulizi

Maendeleo ya sayansi ya mbegu tangu mwanzo wa karne ya 21 aghalabu huelezwa kwa mfano wa ngano. Ngano ya mkate hubeba ndani ya kila seli seti tatu za kromosomu zilizotoka kwa mimea mitatu ya kale iliyochanganyika, jumla yake jozi 21. Mfuatano wa jenomu yake, wenye takriban herufi bilioni 16, yaani zaidi ya mara tano ya jenomu ya binadamu, ulichapishwa kwa ukamilifu wa kuridhisha mwaka 2018. Afrika Mashariki ina nafasi katika historia hiyo. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina ilionekana katika mashamba ya majaribio ya ngano nchini Uganda. Aina hiyo ilipewa jina la Ug99, ikivunja ukinzani ambao mataifa mengi yalikuwa yameutegemea kwa miongo kadhaa. Baada ya hapo kituo cha utafiti cha Njoro nchini Kenya kikawa mahali ambapo ngano kutoka pande nyingi za dunia hupelekwa kupimwa dhidi ya maradhi hayo.

Hata hivyo, mtu anayetaka kuielewa sayansi hii akiwa Mwanza hana budi kulitazama zao jingine. Ngano ya Tanzania hustawi katika nyanda za juu zenye baridi, mathalani Hanang. Mwambao wa Ziwa Victoria, ingawa uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, una joto na mvua zisizotabirika. Zao linalobeba kaya za huko wakati mahindi yanaponyauka ni muhogo. Muhogo husubiri ardhini, huvumilia ukame na huvunwa kidogo kidogo kadiri ya haja ya nyumba. Katika kisiwa cha Ukerewe na katika wilaya nyingi za mwambao, kuugua kwa muhogo ni kuugua kwa chungu cha jioni.

Lengo la makala haya ni kueleza kwa Kiswahili njia inayoitwa uteuzi wa kijenomu kama inavyotumika kwa muhogo, na kuonyesha swali ambalo njia hiyo inaliibua kwa wataalamu wa lugha.

2.0 Dhana ya Uteuzi wa Kijenomu

Kwanza ni vyema kutenganisha istilahi. Katika matumizi ya kila siku nchini Tanzania, neno vinasaba hubeba maana zaidi ya moja. Hutumika kwa DNA, kwa jeni, na hata kwa urithi kwa jumla, kama inavyosikika katika taarifa za vipimo vya uzazi. Mapana hayo hayana madhara katika mazungumzo, lakini katika mjadala huu yanaweza kupoteza msomaji. Hapa jeni ni sehemu ya DNA yenye kazi mahususi. Jenomu ni DNA yote ya kiumbe kwa ujumla wake. Na alama ya kijenetiki ni mahali pamoja katika jenomu ambapo mimea ya jamii moja hutofautiana, na ambapo tofauti hiyo inaweza kusomwa maabarani. Alama si lazima iwe ndani ya jeni inayotafutwa. Yatosha iwe jirani yake, kwa kuwa vitu vilivyo karibu katika kromosomu moja hurithiwa pamoja mara nyingi.

Mtafiti wa mbegu wa zamani alifanya kazi kwa macho, mizani na daftari la nasaba. Alichanganya mama na baba, akapanda watoto wao, akachagua waliofanya vizuri. Ugumu wake unafahamika kwa kila mzazi: watoto wa tumbo moja hawafanani. Kwa wastani ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki nusu ya urithi wao, lakini katika hali halisi wawili hushiriki zaidi na wengine wawili hushiriki pungufu. Daftari la nasaba huwahesabu wote kuwa sawa. Alama za kijenetiki hupima undugu halisi, kipande kwa kipande, hata kabla mmea haujatoa mzizi mmoja wa kupimwa.

Msingi wa kinadharia wa njia hiyo uliwekwa na Meuwissen, Hayes na Goddard (2001). Wazo lao lilikuwa kuacha kuzitafuta jeni chache kubwa na badala yake kuipa kila alama, katika maelfu ya alama zilizotapakaa jenomu nzima, sehemu yake ndogo ya athari. Sifa kama mavuno haziongozwi na jeni moja. Huongozwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na kuzitafuta moja moja ni kazi isiyo na mwisho.

Utekelezaji wake una hatua tatu. Katika hatua ya kwanza huundwa kundi la rejea, yaani mimea mia kadhaa ambayo imesomwa alama zake na pia imepimwa shambani kwa uangalifu. Katika hatua ya pili mlinganyo wa kitakwimu hulinganisha alama na vipimo hivyo, na kukadiria mchango wa kila alama. Katika hatua ya tatu miche michanga, ambayo haijawahi kupimwa popote, huchukuliwa jani dogo, hosomwa alama zake, na mlinganyo hutoa makadirio ya thamani yake. Miche iliyokadiriwa kuwa bora huweza kuwa wazazi wa kizazi kinachofuata bila kusubiri mavuno.

Faida kubwa ya njia hii ni muda. Maendeleo yanayopatikana kwa mwaka mmoja katika uboreshaji wa mbegu hutegemea mambo manne: ukali wa uteuzi, usahihi wake, ukubwa wa tofauti zilizomo katika kundi, na urefu wa kizazi, ambao ndio unaogawa matatu ya kwanza. Muhogo huchukua takriban mwaka mzima hadi kuvunwa. Mmea mmoja hutoa pingili chache, aghalabu zinazotosha kupanda mimea kumi hivi. Kwa sababu hiyo mtafiti huhitaji misimu kadhaa ili tu apate miti ya kutosha kwa jaribio lenye marudio. Safari kutoka mbegu ya kwanza hadi aina iliyoidhinishwa huchukua miaka minane hadi kumi, na pengine zaidi. Uteuzi wa kijenomu hauifuti safari hiyo, kwa kuwa aina mpya bado ni lazima ipimwe kabla ya kumfikia mkulima. Kinachofupishwa ni mzunguko wa wazazi, ambao unaweza kushuka hadi miaka miwili hivi.

3.0 Muhogo wa Ziwa na Maradhi Mawili

Umuhimu wa muda unaeleweka zaidi mtu anapozingatia yaliyoukuta muhogo wa eneo la Ziwa katika kipindi cha miaka arobaini iliyopita. Ugonjwa wa batobato, unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, uliripotiwa kwa mara ya kwanza na Warburg mwaka 1894 katika nchi iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa muda mrefu ulikuwa kero iliyozoeleka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sura yake ilibadilika nchini Uganda, mashamba ya wilaya nzima yakaacha kuzaa, na watu wakakumbwa na njaa. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kuwa virusi vilivyohusika vilikuwa vimeunganisha vipande vya virusi vya aina mbili tofauti. Mlipuko huo ulivuka hadi magharibi mwa Kenya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaingia Kagera, kisha ukaendelea kuzunguka Ziwa. Ulienezwa na inzi weupe pamoja na pingili ambazo watu walipeana kwa nia njema.

Dawa iliyopatikana ilikuwa aina zenye ukinzani, na nyingi zilienezwa haraka. Ndipo ukaja ugonjwa wa pili, yaani michirizi ya kahawia. Storey aliueleza mwaka 1936 kutokana na mihogo ya Tanganyika, na kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa pwani na wa nyanda za chini. Mwaka 2004 ulionekana Uganda katika miinuko ya zaidi ya mita 1,000, na katika miaka iliyofuata ukawa tishio la bonde lote la Ziwa. Aina kadhaa zilizokuwa zimependwa kwa kukinza batobato hazikuwa na kinga dhidi yake. Nchini Uganda, TME 204, iliyokuwa kipenzi cha wakulima wengi, ilidhurika vibaya.

Michirizi ya kahawia ina hila ambayo batobato haina. Shamba linaweza kuonekana lenye afya, shina likiwa zima na majani mabichi, kumbe mzizi umeoza ndani kwa madoa makavu ya kahawia. Mkulima hulijua hilo siku ya kung'oa, na mtafiti naye hulijua siku hiyo hiyo. Ili kupima ukinzani wa mmea mmoja, ni lazima kungoja takriban miezi 12, kung'oa, kukata kila mzizi vipande na kuupa alama kuanzia 1 kwa mzizi safi hadi 5 kwa mzizi ulioharibika kabisa. Kwa sifa ya namna hiyo, jani dogo la mche wa wiki kadhaa linaloweza kusema jambo kabla ya mwaka kupita ni msaada mkubwa.

4.0 Kutoka Amani hadi Ukiriguru

Uboreshaji wa muhogo kwa ajili ya kukinza virusi ulianza mapema nchini Tanzania. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha Amani katika milima ya Usambara, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikusanya mihogo mingi na kubaini kuwa hakuna uliokuwa na ukinzani wa kutosha. Hivyo wakauchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, hasa Manihot glaziovii, mti ambao wakoloni walikuwa wameuleta kwa ajili ya utomvu wa mpira. Watoto wa mchanganyiko huo walirudishwa kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, ili mizizi minene irudi huku ukinzani ukibaki. Kazi hiyo iliendelezwa na watafiti wengine hadi miaka ya 1950. Baadhi ya mimea ya Amani ilipelekwa Nigeria na kuwa chimbuko la aina nyingi zilizokuja kuenezwa barani baada ya hapo. Mingine ilitoroka kituo kwa njia ya kawaida ya muhogo: mtu alikata pingili, akaenda nayo kwao, akaipa jina.

Jenomu imeisoma historia hiyo upya. Mfuatano wa kwanza wa jenomu ya muhogo, yenye herufi takriban milioni 750 katika jozi 18 za kromosomu, ulitolewa mwaka 2009. Mwaka 2016 Bredeson na wenzake walilinganisha jenomu za mihogo mingi, wakakuta vipande virefu vya Manihot glaziovii ndani ya aina za Afrika, ikiwemo Namikonga, muhogo wa Tanzania unaosifika kwa kustahimili michirizi ya kahawia. Vipande mashuhuri zaidi vimo katika kromosomu ya 1 na ya 4. Nchini Uganda, Kayondo na wenzake (2018) walipotafuta maeneo ya jenomu yanayohusiana na ukinzani dhidi ya michirizi ya kahawia, walipata ishara katika kromosomu ya 4 na ya 11, na ile ya 4 iliangukia katika kipande kilichotoka kwa jamaa wa porini. Kazi iliyofanywa kwa mkono huko Amani zaidi ya miaka 70 kabla bado ilikuwa ikiukinga muhogo, na majina yaliyokuwa yameenea vijijini yalikuwa yameuficha ukoo wake.

Ukinzani wa batobato una historia tofauti. Sehemu kubwa ya ukinzani unaotumika leo hutegemea eneo moja la kromosomu ya 12, lililogunduliwa katika muhogo wa kienyeji wa Nigeria na kuitwa CMD2. Mwaka 2022 ilibainishwa kuwa chanzo chake ni mabadiliko madogo katika jeni inayohusika na kunakili DNA. Sifa ya namna hiyo, inayotawaliwa na eneo moja kubwa, hutabirika vizuri. Mavuno, ambayo hubadilika kwa mvua, udongo na mkono wa mpandaji, hutabirika kwa usahihi mdogo zaidi.

Kituo cha Ukiriguru, katika wilaya ya Misungwi kusini mwa jiji la Mwanza, kilianza katika miaka ya 1930 na kilijulikana kwanza kwa pamba. Leo kimo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na kina nafasi kubwa katika utafiti wa muhogo nchini. Mradi wa NextGen Cassava, ulioanza mwaka 2012 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ulipeleka uteuzi wa kijenomu kwanza Nigeria na Uganda, kisha Tanzania ikajiunga kupitia TARI Ukiriguru. Data za majaribio na za alama ziliwekwa katika hazina moja ya kielektroniki iitwayo Cassavabase, iliyo wazi kwa watafiti. Kwa hiyo mmea uliong'olewa Misungwi unaweza kuingia katika mlinganyo unaosomwa Namulonge au Ibadan.

5.0 Mlinganyo Unajua Nini?

Hapa ndipo swali la msingi la makala haya linapojitokeza. Mlinganyo wa kijenomu hauujui muhogo. Unajua safu za tarakimu. Kila safu ina kichwa, na kichwa hicho ni neno ambalo mtu fulani alilichagua: mavuno, wanga, batobato, michirizi. Kilichoingizwa katika safu hutabiriwa. Kisichoingizwa huachwa kielee, na kinaweza kuzorota kizazi baada ya kizazi bila yeyote kuona, kwa kasi ile ile ambayo sifa nyingine zinaboreka. Uteuzi wa zamani ulikuwa wa polepole, na upole huo ulimpa mkulima nafasi ya kusema hapana mapema. Kadiri mzunguko unavyofupishwa, ndivyo orodha ya vichwa vya safu inavyozidi kuwa na uzito.

5.1 Uchungu

Mfano ulio wazi zaidi ni uchungu. Katika mazungumzo ya mwambao, mihogo hugawanywa kwanza kabisa kuwa mitamu na michungu. Mgawanyo huo unalingana kwa kiasi kikubwa na kiwango cha linamarini, kemikali inayotoa sianidi mzizi unapokatwa au kusagwa. Aina chungu hazipandwi kwa kutojua. Baadhi ya wakulima huzipendelea kwa sababu wanyama waharibifu na wezi huziepuka, na kwa sababu usindikaji wa kienyeji huondoa sumu hiyo.

Usindikaji ukikatizwa, matokeo yake ni mazito. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime mkoani Mara ilikumbwa na ugonjwa unaopooza miguu ghafla na bila kupona. Howlett na wenzake (1990) waliueleza ugonjwa huo kuwa ni konzo na kuuhusisha na ulaji wa muhogo mchungu usiosindikwa vya kutosha. Njaa ilikuwa imefupisha siku za kuvundika na kuanika. Inafaa kukumbuka kwamba neno konzo ni la Kiyaka, lugha ya Kibantu ya Kongo, nalo hurejelea miguu iliyofungwa. Sayansi ya tiba ya dunia nzima ililiazima kwa wanavijiji walioutambua ugonjwa kwa umbo lake.

Jenomu inaweza kusaidia hapa. Mwaka 2021 uchunguzi wa data nyingi za muhogo ulionyesha kuwa kiwango cha linamarini kinahusiana kwa nguvu na maeneo mawili, katika kromosomu ya 14 na ya 16. Maana yake ni kwamba sifa hii inaweza kutabirika ikiwa itapimwa. Lakini uamuzi wa kuipima, na wa kuipa uzito gani mbele ya mavuno, haufanywi na jenomu. Hufanywa na watu, na watu hao wanahitaji kujua kuwa uchungu kwa mkulima wa Mara una pande mbili, yaani kinga ya shamba na hatari ya mezani. Safu moja yenye kichwa "sianidi, ipunguzwe" haibebi maana zote mbili.

5.2 Udaga na Makopa

Mfano wa pili unahusu bidhaa. Mwambao una angalau maneno mawili kwa muhogo mkavu. Makopa ni mizizi iliyomenywa na kuanikwa, aghalabu bila kuvundikwa. Udaga ni mizizi iliyovundikwa au kulowekwa hadi ikalainika, ndipo ikaanikwa. Unga wa kila kimoja una harufu, rangi na mvuto wake katika ugali, na mlaji wa Mwanza huutambua kwa pua kabla ya kuonja. Muhogo wa kutafuna au wa kuchemsha nao una mahitaji yake: uive upesi, usiwe na nyuzi, ulainike bila kuwa maji.

Vipimo vya kawaida vya utafiti huzikusanya sifa hizo zote katika neno moja, yaani kiwango cha ukavu wa mzizi. Ukavu ni sifa muhimu, hupimika kwa urahisi na hutabirika kwa kiasi cha kuridhisha. Hata hivyo, mizizi miwili yenye ukavu sawa inaweza kutofautiana kabisa siku ya tatu ya kuvundikwa, mmoja ukilainika sawasawa na mwingine ukibaki na viini vigumu. Tofauti hiyo wanaijua wanaomenya na kuvundika, na katika kaya nyingi kazi hiyo ni ya wanawake. Ikiwa maneno yao hayajafika kwenye daftari la jaribio, aina mpya inaweza kushinda katika kila safu na kushindwa jikoni. Aina iliyoshindwa jikoni haipandwi msimu wa pili, hata kama ukinzani wake ni wa kupigiwa mfano. Pamoja na hayo, shamba la mwenyewe hubaki na mbegu ya zamani yenye virusi, na inzi weupe huendelea kupata pa kuanzia.

Katika miaka ya karibuni miradi ya muhogo imeanza kuwahoji walaji na wasindikaji kabla ya kuamua sifa za kuchagua, na kuwapa wakulima aina za kujaribu nyumbani kwao. Hatua hiyo ni ya maana. Kinachobaki ni kazi ya lugha: kukusanya maneno ya sifa katika Kiswahili, Kisukuma, Kikerewe na lugha nyingine za mwambao, kubaini lini maneno mawili yana maana moja na lini neno moja lina maana mbili, kisha kuyafafanua kwa namna inayoweza kupimwa. Leksikografia ina mbinu za kazi hiyo. Mtaalamu wa jenetiki hazimiliki, wala hatarajiwi kuzimiliki.

6.0 Istilahi na Umiliki

Suala la lugha lina upande wa pili, yaani kurudisha maarifa kwa wenyewe. Kwa miaka mingi usomaji wa alama za mimea ya Afrika Mashariki ulifanywa nje. Jani lilikaushwa, likasafirishwa, na matokeo yakarudi yakiwa faili la tarakimu. Hali hiyo inabadilika. Boykin na wenzake (2019), wakiwemo watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, walionyesha kuwa vifaa vidogo vya kusomea DNA vinaweza kupelekwa hadi shambani na kutambua virusi vya muhogo siku hiyo hiyo. Mkulima aliyesimama kando ya mmea wake anaweza kupewa jibu kabla jua halijazama.

Jibu hilo litatolewa kwa maneno gani? Kiswahili kina hazina ya kuanzia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, na istilahi kama jeni na kromosomu zimekwisha kuzoeleka shuleni. Pengo liko katika dhana za baadaye. Mlinganyo, kundi la rejea, usahihi wa utabiri na alama ni maneno yanayoweza kufanya kazi ikiwa yatatumika kwa uthabiti. Neno alama hasa linahitaji uangalifu, kwa kuwa katika kituo hicho hicho linatumika pia kwa tarakimu ya 1 hadi 5 inayopewa mzizi uliokatwa. Mkanganyiko wa aina hii huonekana mdogo katika kamusi. Katika mkutano wa kijijini unaweza kumfanya mkulima aamini kuwa muhogo wake umekwisha kupimwa ugonjwa, ilhali umesomwa DNA tu.

Ni muhimu pia kusema bayana kile ambacho njia hii sicho. Uteuzi wa kijenomu hauingizi jeni ya kiumbe kingine katika muhogo kwa njia ya maabara. Mimea huchanganywa kwa chavua kama ilivyofanyika Amani, na DNA husomwa tu ili kuchagua. Uhandisi wa jeni ni jambo jingine lenye sheria na mijadala yake. Kwa kuwa vinasaba ni neno linalotumika kwa yote mawili, upo uwezekano wa watu kukataa, au kukubali, kitu ambacho hawakuletewa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa uteuzi wa kijenomu hufupisha mzunguko wa uboreshaji wa muhogo kwa kukadiria thamani ya mche kutokana na undugu wake halisi na mimea iliyokwisha kupimwa. Yameonyesha kuwa kwa zao linaloshambuliwa na virusi vinavyobadilika, kama ilivyotokea kuzunguka Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, muda unaookolewa ni chakula kinachookolewa. Yameonyesha vilevile kuwa usahihi wa njia hii una mipaka. Hupungua kadiri vizazi vinavyokwenda mbali na kundi la rejea, na kwa hiyo shamba la majaribio la Ukiriguru, pamoja na mizani, kisu na daftari lake, haliwezi kuachwa. Wala mbegu bora peke yake haitoshi. Majaribio yaliyofanywa Chato na Mkuranga, ambapo jamii nzima ilikubali kuondoa mihogo yenye ugonjwa na kupanda pingili safi kwa pamoja, yalithibitisha kuwa usafi wa vipando ni sehemu ya tiba.

Zaidi ya yote, hoja iliyojengwa ni kwamba sifa huanza kama neno. Anayemenya muhogo Ukerewe na kusema kuwa huu haufai kwa udaga ametoa kipimo ambacho bado hakijapewa safu. Ni wajibu wa watafiti wa mbegu kukitafutia safu hiyo, na ni wajibu wa wanaisimu kuhakikisha kwamba neno lake linafika likiwa na maana yake kamili. Kazi hiyo ya pili haijafanywa kwa utaratibu, na haihitaji maabara. Inahitaji wanafunzi wenye madaftari, masikio, na muda wa kukaa penye udaga unaovundikwa hadi siku ya tatu ifike.